Pa kukata na pa kuunga: mfumo wa habari kwa karakana ya Langoni

Swali:

"Tuna karakana ya samani na milango ya nakshi Langoni, Lamu. Mafundi ni kumi na mmoja na wanafunzi wanne. Tuna duka dogo karibu na gati, na stoo ya mbao Mokowe kwa sababu mjini hakuna nafasi. Oda zinakuja kwa WhatsApp, kwa simu na kwa mdomo. Dada yangu anaweka malipo kwenye Excel, msimamizi wa karakana ana daftari lake, na mtu wa Mokowe ana lake. Juzi tumenunua mbambakofi mara mbili kwa kazi moja, na mteja wa Shela amesubiri kitanda wiki sita, kumbe oda haijashuka karakana. Kijana mmoja wa programu anasema dawa ni mfumo wa moduli saba, kila idara na yake, kila moja na hifadhidata yake na seva yake mtandaoni. Mwingine anasema tununue mfumo mmoja uliokamilika, tuache maneno mengi. Intaneti yetu hukatika, stima pia. Tumfuate yupi, na tuanzie wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, kabla ya kuchagua kati ya washauri wako wawili, tuyatazame kwanza hayo mawili yaliyokuumiza.

Mbambakofi haikununuliwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyeandika. Wote waliandika. Wa Mokowe aliandika mbao zilizopo, msimamizi wa Langoni akaandika mbao anazotaka, dada yako akaandika pesa zilizotoka. Ambacho hakikuandikwa popote ni kwamba baadhi ya mbao za Mokowe tayari zina kazi yake, na nyingine ziko njiani zinakuja. Kitanda cha Shela nacho ni hivyo hivyo: oda ilipokewa, ikaandikwa, labda hata ikatumwa. Kilichokosekana ni karakana kujibu "tumeipata". Ndani ya kila daftari hesabu huenda ilikuwa sawasawa. Makosa yote mawili yalitokea pale kazi inapotoka mkono mmoja na kuingia mwingine.

Kwa hiyo ukinunua moduli saba bila kupanga jinsi zinavyokabidhiana, utakuwa umetoka kwenye madaftari matatu ukaingia kwenye saba. Na ukinunua mfumo mmoja uliokamilika, ila mtu wa Mokowe akaendelea kuandika jioni mbao zilizotoka asubuhi, kosa litabaki pale pale, tofauti ni kwamba sasa litaonekana kwenye kioo cha kompyuta.

Neno "moduli" limechakaa kwa kutumiwa ovyo, basi tuliweke sawa. Moduli si idara. Si ukurasa wa programu wenye kitufe chake. Si seva pia. Moduli ni kipande cha mfumo kinachomiliki habari fulani peke yake, kinachoficha namna kinavyofanya kazi ndani, na kinachozungumza na wengine kupitia ujumbe mchache unaojulikana. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliliweka wazi jambo hili mwaka 1972: usigawanye mfumo kwa kufuata hatua za kazi, gawanya kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, na kila uamuzi wa namna hiyo uufungie ndani ya kipande kimoja. Ukibadilika kesho, kinafunguliwa kipande hicho tu.

Wewe unalijua hili kwa mikono. Mlango wa nakshi unaoutoa pale Langoni ni miimo miwili, vizingiti, vipande viwili vinavyofunguka, na mfaa, yaani mti wa katikati, uliopigiliwa kwenye kipande kimoja. Vile vipande havishikwi na bawaba. Vina ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu. Mchwa wakila kipande kimoja, fundi anakinyanyua, anachonga kingine, anakirudisha. Ukuta hauguswi, nakshi ya kizingiti haiguswi. Kinachowezesha hayo ni vipimo viwili: upana wa tundu na unene wa ncha. Mchongaji wa nakshi anaweza kubadili ua atakavyo bila kumuuliza mtu, ila akibadili ncha bila kumwambia mwenye fremu, mlango haufungi. Katika mfumo wa habari, zile ncha na matundu ndiyo kazi yenyewe. Nakshi, yaani kurasa nzuri na rangi, inakuja baadaye.

Tumchukue kijana wa moduli saba. Nia yake si mbaya, lakini ushauri wake umeazimwa kwa kampuni zenye mamia ya waandishi wa programu, ambako kila timu inahitaji seva yake ili isizuiwe na nyingine. Kwenu, kutoa ubao mmoja Mokowe kwa ajili ya kitanda kungehitaji seva ya ghala, seva ya oda na seva ya karakana zote ziwe hewani kwa dakika ile. Intaneti ikikatika katikati, ghala limeshapunguza ubao lakini karakana haijajua. Hitilafu ya nusu namna hii ni mbaya kuliko hitilafu kamili, kwa sababu kila upande unaonekana mzima. Kuitibu kunataka wataalamu wa kudumu, na kwa mafundi kumi na mmoja gharama hiyo hairudi. Vipande vinaweza kabisa kukaa ndani ya programu moja yenye hifadhidata moja, PostgreSQL kwa mfano, mradi kuta za ndani ziheshimiwe: kila moduli na majedwali yake, na hakuna moduli inayoingiza mkono kwenye jedwali la mwenzake. Anayetaka habari anaomba mlangoni.

Sasa, pa kukata ni wapi? Kwa kila habari mnayoitunza, uliza nani ana haki ya kuibadilisha, inabadilika mara ngapi, na ikikosewa nani anagundua kwanza. Habari zenye majibu yanayofanana zikae pamoja. Bei hubadilishwa dukani, idadi ya mbao hubadilishwa na mtu aliyezishika, hatua ya kazi hubadilishwa na msimamizi. Kwa maelezo uliyotoa naona vipande vinne vyenu wenyewe: Oda (mteja anataka nini, kwa bei gani, lini), Ghala (mbao na vifaa viko wapi, vimeshikwa na kazi ipi), Karakana (kazi iko hatua gani, iko kwa fundi gani) na Pesa (nani amelipa nini). Kodi na mishahara havimo kwa makusudi, nitavirudia.

Mtu atasema duka na oda ni vitu viwili. Huenda. Lakini kama ni mtu yule yule, siku ile ile, anayeandika vyote viwili, ukuta kati yao utakuwa mzigo tu. Kugawa zaidi baadaye ni rahisi kuliko kuunganisha vilivyogawanywa vibaya.

Nataka tukae kidogo kwenye Ghala, maana hapo ndipo pesa yenu inapovuja.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeunda ghala ni kuhifadhi salio kama namba moja inayofutwa na kuandikwa upya. Chukua mfano: kuna mbao 40. Msimamizi wa Langoni anachukua 6, anaandika 34. Wakati huo huo wa Mokowe anapokea 15 kutoka kwa muuzaji, kwake bado inasomeka 40, anaandika 55. Mtandao unaporudi, aliyetuma mwisho ndiye anayeshinda: 55 au 34. Ukweli ni 49, na hakuna mahali popote palipoandikwa 49. Dawa yake ni kutohifadhi salio kabisa. Hifadhi miendo: imeingia 15, imetoka 6, imerudi 1, imeharibika 2. Salio ni jumla ya miendo, linapigwa linapotakiwa. Miendo miwili iliyoandikwa sehemu mbili haifutani, inajumlishwa. Mwendo ukikosewa haufutwi, unaandikwa mwingine wa kurekebisha, na sababu yake. Mhasibu yeyote wa zamani angekwambia hivyo bila kuona kompyuta.

Kosa la pili ndilo lililowanunulisha mbambakofi mara mbili: kuchanganya hali tatu za mbao. Kuna iliyopo, kuna iliyoshikwa, kuna iliyoagizwa. Tuseme zipo 30, 18 zimeshikwa kwa kazi nyingine, na 10 ziko njiani. Inakuja kazi inayotaka 20. Anayetazama "iliyopo" peke yake atasema zipo za kutosha, achukue, aitie njaa kazi ya mwenzake. Anayeogopa ataagiza 20 mpya. Hesabu sahihi ni hii: zinazopatikana ni 30 toa 18, yaani 12, upungufu ni 8, zinazokuja ni 10 ambazo hazina mwenyewe bado, basi usinunue, shika 12 zilizopo na 8 kati ya zinazokuja, kisha uliza tarehe ya kufika. Kushika kuwe na muda wake pia. Oda ambayo mteja hajalipa kianzio, ishikiwe mbao siku saba, mfumo uachie wenyewe. Bila kikomo hicho, baada ya miezi mitatu nusu ya stoo itakuwa imeshikwa na wateja waliokwishasahau.

Kisha kuna vipimo, ambavyo huharibu maghala mengi kimya kimya. Muuzaji anauza kwa futi za urefu, fundi anafikiri kwa vipande, gharama inataka ujazo. Chagueni kipimo kimoja cha ndani. Kwa mbao ngumu, futi za ubao zinafaa: upana kwa inchi, mara unene kwa inchi, mara urefu kwa futi, gawanya kwa 12. Ubao wa inchi 12 kwa 2 wenye urefu wa futi 10 ni futi za ubao 20, sawa na mita za ujazo 0.047 hivi. Mtu aandike vipimo vitatu alivyopima, mfumo upige hesabu. Msimwachie mtu kubadili kipimo kichwani akiwa amesimama juani Mokowe.

Ubao si mchele, hauchanganyiki. Kila shehena iwe fungu lenye namba, na namba ipakwe rangi kwenye kichwa cha ubao. Karatasi ya kubandika haidumu kwa joto na chumvi ya kwetu. Fungu libebe aina ya mti, muuzaji, tarehe na hali ya ukavu: mbichi, inakauka, tayari. Hapa mfumo uwe mkali: fungu lisilo "tayari" lisiweze kutolewa kwa kazi ya mlango hata msimamizi akibonyeza mara kumi. Ubao mbichi ukichongwa leo, ncha itanywea ndani ya tundu baada ya miezi, na lawama itamwendea mchongaji asiye na kosa.

Karakana ni nyepesi zaidi. Kila bidhaa iwe na karatasi ya vipande: mlango mmoja ni miimo 2, vizingiti 2, mfaa 1, vipande 2 vya kufunguka, misumari ya shaba idadi fulani, komeo 1, pamoja na vipimo vya kila kipande. Lakini tenganisheni karatasi ya mfano na karatasi ya kazi. Oda ikithibitishwa, mfano unanakiliwa na kuwa karatasi ya kazi ile, na mabadiliko yote ya mteja yanaandikwa kwenye nakala. Mkibadili mfano wenyewe kwa sababu mteja mmoja ametaka mlango mpana, oda zote za zamani zitabadilika nyuma yenu. Na kwenye karatasi ya kazi andikeni namba mbili tu za mbao: iliyotolewa na iliyoingia kwenye bidhaa. Tofauti ni upotevu. Msibuni asilimia ya upotevu sasa. Baada ya kazi ishirini mtakuwa na yenu ya kweli, na ya kitanda haitafanana na ya mlango. Muda wa nakshi nao msijaribu kuukadiria kwa dakika. Hatua tano zinatosha: imepokelewa, imekatwa, inachongwa, inaunganishwa, imekamilika.

Tuje kwenye viungo. Kwa vipande vyenu vinne, ujumbe wa lazima ni mchache kuliko unavyodhani. Oda inaiambia Karakana "oda imethibitishwa". Karakana inaiambia Ghala "shika mbao hizi" na baadaye "toa mbao hizi". Karakana inaiambia Oda "kazi imekamilika". Pesa inaiambia Oda "malipo yamepokelewa". Kila ujumbe ubebe namba yake ya kipekee, saa, jina la aliyetuma, namba ya oda, na zile habari chache zinazohitajika upande wa pili. Bei haina kazi karakana, isiende. Simu ya mteja haina kazi ghalani, isiende. Jambo hili mtalishukuru pia kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019: habari za mteja zikikaa mahali pamoja, ni mahali pamoja tu pa kulinda.

Ujumbe usihesabiwe umefika mpaka umejibiwa. "Oda imethibitishwa" ikikaa saa 24 bila msimamizi kubonyeza "nimepokea", iende kwa simu yako wewe mwenyewe. Kitufe hicho kimoja kingekiokoa kitanda cha Shela, na nasema kweli, hata karatasi yenye safu ya sahihi ingekiokoa.

Na ujumbe ule ule ukifika mara mbili, matokeo yawe ya mara moja. Mtandao mbovu hurudia kutuma, na watu pia hurudia. Dada yako akinakili ujumbe wa M-Pesa asubuhi, na wewe ukanakili ule ule jioni, mteja ataonekana amelipa mara mbili. Msimbo wa muamala wa M-Pesa ni wa kipekee. Uwe ndio ufunguo wa malipo, na hifadhidata ikatae kuupokea mara ya pili. Vivyo hivyo kwa kila mwendo wa ghala: namba inatungwa na simu pale mtu anapoandika. Isitungwe na seva ujumbe unapofika.

Namba zenyewe zisibebe maana. Karakana nyingi hutunga namba ya oda yenye jina la mji, aina ya bidhaa na mwaka. Mteja akibadili mawazo kutoka kitanda kuwa kochi, namba inakuwa ya uongo. Herufi moja ya mahali ilipozaliwa yatosha, D ya duka au M ya Mokowe, kisha tarakimu zinazofuatana: D-0412. Herufi hiyo inaruhusu sehemu mbili kutunga namba bila mtandao na zisigongane. Namba ya simu isiwe kitambulisho cha mteja. Meneja wa hoteli akihama, anaondoka na simu yake, hoteli inabaki.

Kuna kanuni inayosemwa sana, kwamba habari isiandikwe mara mbili. Ni kweli kwa jina na anwani ya mteja: Oda zote zisome mahali pamoja. Si kweli kwa bei. Bei inanakiliwa ndani ya oda siku inapothibitishwa na inabaki pale, hata mbao zikipanda kesho, kwa sababu ile ni ahadi mliyompa mtu. Jiulize: habari ikibadilika kule, je, ya hapa nayo inapaswa kubadilika? Ikiwa ndiyo, soma kule. Ikiwa hapana, nakili. Anayejenga mfumo bila kuuliza swali hilo hukosea pande zote mbili.

Intaneti na stima: jengeni mkijua vitakatika. Simu ya Mokowe iandike ndani yake kwanza (SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu, inatosha kwa hilo), iweke ujumbe kwenye foleni ya kutumwa, itume mtandao ukirudi. Mtumiaji aone wazi miendo mingapi bado haijaenda. Namba nyekundu pembeni ya kioo hufanya kazi kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Kompyuta ya duka iwe na betri ya akiba, na nakala ya hifadhidata itoke kila usiku kwenda mahali pasipo kwenye jengo lile. Kisha mara moja kwa mwezi mtu ajaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu kama ipo.

Mshauri wa pili, wa mfumo uliokamilika, ana hoja nzito kuliko mnavyoweza kufikiri. ERPNext ni programu huria, Odoo ina toleo huria, na zote zina ghala, oda na uzalishaji tayari (hesabu kamili za Odoo ziko kwenye toleo la kulipia). Nazo ndani zimegawanywa kwa moduli. Ghala zao linahifadhi miendo kama nilivyoeleza. Hamtalipa mtu kugundua upya yale yaliyokwishagunduliwa. Ugumu ni sehemu ya uzalishaji: imefikiria kiwanda kinachorudia bidhaa ile ile mara elfu, kila hatua na muda wake. Kwenu kila mlango ni wa peke yake. Mtajikuta mnaandika bidhaa mpya kwa kila oda, skrini zina nafasi thelathini za kujaza na mnajaza nne. Wafanyakazi watarudi kwenye daftari ndani ya mwezi, na mtasema mfumo mbaya.

Maoni yangu: nunueni au chukueni kilicho sawa kwa watu wote, jengeni kilicho chenu peke yenu. Hesabu, ankara na mishahara ni sawa kwa watu wote. Makato ya NSSF (pensheni), SHA (bima ya afya) na ya nyumba hubadilishwa na serikali, si nanyi. Mkiyaandikia programu yenu mtakuwa mnaifungua kila sheria inapobadilika. Ankara za kodi zinapita eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na programu inayotaka kuunganishwa nayo moja kwa moja hupimwa na kuidhinishwa kwanza, kwa hiyo kwa ukubwa wenu tumieni njia ambazo KRA wenyewe wametoa, na moduli ya Pesa ihifadhi tu namba ya ankara iliyotoka kule. Kilicho chenu ni Karakana na namna inavyokabidhiana na Ghala. Hapo ndipo pa kumlipa kijana wa programu, tena kwa kazi ndogo yenye mwisho.

Kuanza, anzeni na Ghala peke yake, bila programu mpya. Chagueni siku ya hesabu kamili wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Msithubutu karibu na Maulidi, mji ukiwa umejaa na mafundi hawaonekani. Pimeni kila ubao Mokowe na Langoni, pakeni namba za mafungu, andikeni mwendo wa kwanza wa kila fungu: "hesabu ya kufungua". Kisha kwa wiki nane tumieni jedwali la mtandaoni lenye safu nane: namba ya mwendo, saa, fungu, mahali, aina ya mwendo, kiasi, oda, aliyeandika. Fomu ya simu inayojaza jedwali hilo hutengenezwa kwa nusu siku. Jedwali hilo mtandao ukikatika litasumbua, basi wa Mokowe awe na kitabu cha kurasa zenye safu zile zile nane, aingize mtandao ukirudi. Kila Alhamisi hesabuni mafungu matano yaliyochaguliwa bila mpangilio, mlinganishe.

Wiki nane hizo zitawaonyesha mambo ambayo hakuna mshauri anaweza kuyakisia kutoka mbali. Huenda mkagundua mbao hupotea kati ya gati na karakana, pale zinaposhuka botini na kupakiwa punda, na kwamba kumbe mnahitaji mahali pa tatu pa ghala panapoitwa "njiani". Hilo ni badiliko la mstari mmoja kwenye jedwali. Kwenye programu iliyokwishajengwa kwa kudhani ubao una mahali pawili tu, ni marekebisho ya wiki kadhaa. Baada ya hapo unganisheni Oda, kisha Karakana. Pesa mwisho, kwa sababu Excel ya dada yako inafanya kazi na haina haja ya kuguswa mapema.

Mkifika pa kumlipa mtu ajenge, mpeni mtihani huu kabla ya malipo ya mwisho: azime moduli ya Ghala siku tatu. Duka liendelee kupokea oda, karakana iendelee kuandika hatua, na Ghala likirudi lipokee ujumbe wote uliosubiri, bila hata mmoja kupotea au kuhesabiwa mara mbili. Asipoweza, alichojenga ni kitu kimoja kilichopakwa rangi nne. Mkataba useme kwamba data ni yenu, kwamba mnaweza kuitoa yote kwa faili za CSV, yaani majedwali ya kawaida yanayofunguka kwa Excel, siku yoyote bila kumuomba, na kwamba msimbo wa programu mnakabidhiwa.

Yapo mambo ya kutosuluhisha kwa kusoma majibu kama haya. Kianzio mnachopokea kabla ya kazi kina hukumu yake katika kodi ya ongezeko la thamani (VAT), maana kodi inaweza kudaiwa tangu pesa inapopokelewa, si tangu mlango unapotoka. Kaeni na mhasibu aliyesajiliwa, mkiwa na ankara zenu mkononi, kabla ya kupanga moduli ya Pesa. Hesabu za Alhamisi zikikataa kulingana wiki tatu mfululizo kwa fungu lile lile, acheni kutafuta kosa kwenye jedwali, mwite mtu asimame Mokowe siku nzima aangalie mbao zinavyotoka. Na kabla hamjatoa kianzio kwa yeyote kati ya washauri wako wawili, mwalike akae karakana kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, afuate oda moja kutoka dukani mpaka inapopigwa msasa. Atakayeuliza maswali kuhusu daftari la Mokowe kabla ya kufungua kompyuta yake, zungumza naye bei.